Gofu la kona: tulikarabati, tuliimarishe libaki gofu, au tuwape wachoraji ukuta?

Kila mji wa zamani una nyumba yake moja inayosumbua vikao. Kwetu Mikindani, kando ya Mtwara, ni ile ya kona, na hivi ndivyo ilivyokuwa tulipoanza kubishana: nyumba ya ghorofa, kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita, roshani imebaki upande mmoja, mche wa mkuyu umeota juu ya ukuta pale paa lilipokuwa, na mlango wa nakshi umefungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Miaka inapita, mkuyu unanenepa.

Kwenye kikao kimoja nilichohudhuria watu waligawanyika makundi matatu. Wajukuu wa mwenye nyumba walitaka ikarabatiwe iwe nyumba ya wageni. Mwalimu mstaafu alitaka kuta ziimarishwe zisianguke, paachwe pawe gofu la kufundishia watoto. Vijana wa sanaa walitaka wapewe ukuta wa upande wa barabara wachore. Kila kundi lilikuja na picha kwenye simu, na kila picha ilikuwa nzuri. Tukabishana hadi adhuhuri. Kisha bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote, anasuka ukili pembeni, akauliza: "Wanangu, kwani nyumba hii ya nani?" Kikao kikaishia hapo, maana hakuna aliyeweza kumjibu kwa karatasi.

Ulinganisho huu ni kwa watu waliokwama kama tulivyokwama sisi: warithi, wajumbe wa serikali za mitaa, madiwani, vikundi vya sanaa, wawe Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Kivinje. Anayetafuta njia moja ya kufaa kila jengo hataipata hapa. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutaka dawa tofauti kabisa.

Njia zenyewe, na jinsi nitakavyozipima

Njia ya kwanza ni kukarabati jengo na kulitumia. Mfano wetu wa karibu ni Boma la Mikindani. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, likaja kuchakaa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid likalikarabati na kulifanya hoteli, pamoja na kuwafundisha vijana kazi za huduma kwa wageni.

Njia ya pili ni kuimarisha gofu libaki gofu: unazuia lisiendelee kuanguka, lakini hulirudishii paa wala vyumba. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa sehemu kubwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu yale yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya miaka ya kazi ya kuimarisha kuta. Msikiti Mkuu haukujengwa upya. Ulishikwa usianguke.

Njia ya tatu ni sanaa ya umma: michoro ya ukutani, sanamu, nakshi kwenye uzio, benchi zilizochongwa. Kusini hatuhitaji kuazima wasanii. Tuna wachongaji wa Kimakonde, tuna Tamasha la MaKuYa linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, na jirani zetu wa Tunduru ndio waliomtoa mchoraji Edward Saidi Tingatinga.

Nitazipima kwa maswali matano yaleyale: nini hasa kinaokolewa, ruhusa inatoka wapi, kazi inataka vifaa na mafundi gani, hivyo fedha za namna gani, hali itakuwaje miaka mitano baada ya utepe kukatwa, na mali ni ya nani. Swali la mwisho lilitakiwa kuwa la kwanza. Lakini vikaoni huwa linakuja mwisho, nami nimeliacha hukohuko ili lisomwe na mtu aliyekwisha kupata hamu.

Nini kinaokolewa

Ukarabati unaokoa nyumba ikiwa nyumba. Watu wanalala ndani, taa zinawaka, mtaa unapata macho usiku. Ila nyumba hizi zina kipimo chake. Dari zimeshikwa na boriti za mikandaa (aina ya mkoko), na boriti ya mkandaa haiendi mbali bila kupinda, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Mtu anayetaka ukumbi wa harusi ndani ya nyumba kama hiyo ajue atavunja kuta za kati na kuingiza chuma au zege. Akimaliza, atakuwa na sura ya nyumba ya zamani mbele na jengo jipya nyuma yake. Si dhambi, lakini aseme hivyo mbele ya kamati, asiite ukarabati.

Gofu lililoimarishwa linaokoa ushahidi. Tabaka za plasta, matundu ya boriti, sehemu ukuta ulipozibwa na mlango ukahamishwa: yote yanabaki kusomeka. Kinachokosekana ni uhai. Gofu lisilo na mtu wa kulifungulia na kulifagia hugeuka choo na maficho, na mama anayepita jioni na mtoto hubadilisha njia.

Sanaa haiokoi jiwe hata moja, na wachoraji wasikasirike nikisema hivyo. Lakini inaokoa kitu ambacho majengo hayakioneshi. Tazama majengo ya Mikindani: Boma linamtaja Mjerumani, roshani zinamtaja mfanyabiashara wa Kihindi, kibao kinamtaja Livingstone aliyepita hapa mwaka 1866. Wapagazi waliobeba sandarusi na pembe hadi ufukweni wako wapi? Vibarua wa mradi wa karanga wa mwaka 1947, uliokufa miaka minne baadaye na kutuachia bandari ya Mtwara, wako wapi? Miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, na askari wetu waliozikwa Naliendele, nani amewachora pale mjini watoto wakawaona wakienda shule? Ukuta wa matumbawe haukuwekewa majina yao. Mchoro unaweza.

Ruhusa

Hapa ndipo miradi mingi hukwama, na mara nyingi kwa uzembe wa mwombaji kuliko ubaya wa ofisi.

Kwa jengo, mlango wa kawaida ni serikali ya mtaa, kisha ofisi ya kata, kisha idara ya mipango miji ya halmashauri, ambako maombi hufika kwenye kamati ya madiwani na wataalamu na kibali cha ujenzi hutoka. Juu ya hapo ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa kumbukumbu ya kale kwa umri wake tu. Lililojengwa baadaye linalindwa likitangazwa. Nyumba nyingi za roshani unazoziona Mikindani ni za baada ya mwaka huo, kwa hiyo usikisie upande wowote. Nenda Idara ya Mambo ya Kale na picha na namba ya kiwanja, uulize kama jengo au eneo limetangazwa kwenye Gazeti la Serikali.

Mlango una hesabu yake. Sheria hiyohiyo inautaja mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu kinacholindwa. Maana yake nyumba inaweza kuwa haijatangazwa popote, lakini mlango wake tayari uko chini ya sheria. Warithi wengi hawalijui hili hadi dalali amekuja na gari. Ukitaka kuuza, kuhamisha au kutoa mlango wa namna hiyo nchini, anzia Mambo ya Kale.

Kwa njia ya kwanza na ya pili ruhusa hizi zote zinakuhusu, na njia ya pili haina nafuu kama watu wanavyodhani. Kuimarisha gofu nako ni ujenzi. Ikiwa ukuta uko karibu na maji, kumbuka pia zuio la shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lililomo kwenye Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004.

Sanaa ina mlolongo mwepesi lakini uliotawanyika. Afisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kuanza naye, na Baraza la Sanaa la Taifa lipo kwa mambo ya wasanii wenyewe. Kisha inategemea mahali. Ukuta wa mtu binafsi unataka maandishi ya mwenye ukuta. Kipilefti au ukingo wa barabara ya mtaa ni eneo la TARURA, na kama ni barabara kuu ni TANROADS. Sanamu inayoziba macho ya dereva kwenye kona haitapita, na isipite. Lingine linalosahaulika: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mchoraji anabaki na haki katika kazi yake. Mkataba useme mapema nani anaruhusiwa kuupaka ukuta rangi nyingine siku mchoro utakapochakaa. Bila hivyo mtagombana na kijana mliyempigia makofi.

Niongeze kitu nilichojifunza kwa kukaa upande wa kamati. Mwombaji hutuletea picha moja ya kompyuta ikionesha jengo likiwa limemalizika, anga ya buluu, na magari ambayo mtaani kwetu hayapo. Haitusaidii. Tunachotaka kuona ni picha za hali ilivyo leo kutoka pande nne, mchoro unaoonesha nini kinabaki na nini kinatoka, jina la chokaa au rangi itakayotumika, maji ya mvua yatakapokwenda, na sahihi za majirani wawili. Faili la namna hiyo huwa halirudishwi mara tatu.

Vifaa, mafundi na fedha

Nina ugomvi wa siku nyingi na saruji, kwa hiyo mnivumilie.

Baba yangu mdogo alirithi nyumba ya mawe, ndogo, vyumba vitatu na baraza. Plasta ya chokaa ilikuwa inamenyeka chini, kimo cha goti. Akamwita mkandarasi mmoja, akamwambia piga saruji tumalize kazi. Ikapigwa, ikapakwa rangi ya plastiki ya krimu, ikang'aa. Tulipiga picha barazani siku ya Idi. Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili unyevu ukaanza kuonekana, na safari hii haukuwa kimo cha goti, ulikuwa kimo cha kifua. Masika ya tatu plasta ikaachia kwa vipande vikubwa kama milango, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa kimeng'ang'ania nyuso za mawe. Ukigusa ukuta, matumbawe yanakuwa unga mkononi, na unga wenyewe ukiuonja una chumvi.

Fundi mwashi mzee tuliyemwita baadaye aliuweka mkono ukutani muda mrefu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akamwambia baba mdogo: "Ukuta huu unakunywa maji chini na kuyatoa kifuani, mwanangu. Ninyi mmemziba kifua." Ndivyo kazi inavyokwenda. Matumbawe yana vitundu, yanavuta unyevu wenye chumvi kutoka ardhini, na plasta ya chokaa inauacha utoke polepole. Saruji ni ngumu na imebana. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, chumvi hukauka nyuma ya plasta na kulibomoa jiwe. Rangi ya plastiki na ya mafuta hufanya kosa hilohilo kwa unene mdogo zaidi.

Tatizo ni kwamba hapa kwetu saruji ni ya karibu. Tangu kiwanda kikubwa kianze kazi mkoani mwaka 2015 mfuko uko kila duka la vifaa, na kila fundi kijana amelelewa nayo. Chokaa nzuri inabidi uifuate. Zamani watu walichoma matumbawe kwenye tanuu na kukata mikandaa kwa boriti; leo usifanye hivyo, matumbawe hai na mikoko vinalindwa, na ukikamatwa hakuna kamati ya urithi itakayokutetea. Unanunua chokaa ya mawe ya bara, unaizima kwa maji, unailaza, na boriti unatafuta zenye kibali au unakubaliana na Mambo ya Kale kutumia mbao mbadala zilizotibiwa dhidi ya mchwa.

Ukarabati, basi, unataka fedha nyingi kwa wakati mmoja na fundi anayeijua chokaa. Plasta ya chokaa haipendi haraka. Inapigwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, inafunikwa magunia mabichi yanayomwagiwa maji asubuhi, mchana na jioni, na jua kali likiipata mapema inapasuka kama tope la bwawani. Ndiyo maana miezi ya kusi, kuanzia Juni, ni miezi ya kazi. Sasa angalia kalenda ya mfuko: fedha ya korosho huingia minada ikianza Oktoba, na mvua inafuata. Wengi hujikuta wanapiga plasta Desemba kwa sababu ndipo hela ilipo, halafu wanalaumu chokaa. Anayeweza kuitunza hela ya minada hadi Juni ameshaokoa nusu ya nyumba. Najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya, ada za shule zinaanza Januari.

Na ukarabati unaweza kuua. Mwaka 2020, siku ya tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit al-Ajaib pale Unguja ilianguka ikiwa katikati ya ukarabati, watu wakapoteza maisha. Lile lilikuwa jengo linalojulikana dunia nzima. Nyumba ya kona nayo inastahili mhandisi kabla ya kuondolewa boriti ya kwanza.

Kuimarisha gofu kunataka fundi huyohuyo wa chokaa lakini vifaa vichache: kufunika vichwa vya kuta kwa chokaa ili maji yasiingie juu, kujaza nyufa, kuegemeza sehemu inayoinama, kukata mimea. Fedha yake inaweza kugawanywa. Mwaka huu ukuta wa barabarani, mwakani wa nyuma. Kwa kamati yenye mfuko mdogo hilo ni jambo kubwa.

Sanaa ndiyo nafuu kwa kuanzia, na ndiyo inayokamilika upesi. Ila tazama unapoiweka. Mchoro wa rangi ya mafuta juu ya ukuta wa matumbawe ni ile plasta ya baba mdogo yenye maua. Kama ni lazima uwe pale, tandika chokaa na uchore kwa rangi za udongo zilizochanganywa na chokaa, au chora kwenye mbao na uziangike mbele ya ukuta zikiachiwa nafasi ya hewa nyuma. Tingatinga mwenyewe alianza kwa kuchora kwenye vipande vya mbao ngumu za kushindiliwa kwa rangi ya kung'aa, kwa hiyo hakuna anayevunjiwa heshima. Sanamu nazo zina tabia zake: mpingo ni mgumu na mchwa hauupendi, lakini hauwi mnene, na ukiachwa juani unapasuka. Kinyago cha mpingo ni cha ndani. Cha nje kiwe cha saruji (hapo nairuhusu), chuma au shaba.

Miaka mitano baada ya utepe

Nyumba inayotumika hujilipia matunzo yake ikiwa ina wateja. Wateja wa Mikindani si wa mwaka mzima, basi hesabu isiandikwe kwa miezi ya Julai na Agosti peke yake. Chokaa ya nje inataka kurudiwa kila mwaka mvua zikiisha, na paa linataka kukaguliwa kabla hazijaanza. Lindi walipigwa na kimbunga mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya ilitukumbusha kuwa pwani yetu haiko mbali na mambo hayo. Bati lisilofungwa vizuri litaondoka na mbao zake.

Gofu linataka kidogo lakini bila kukosa: mtu mwenye panga na ufagio, mara nne kwa mwaka. Mche uking'olewa una kimo cha kidole hauna madhara. Ukiachwa misimu mitatu unashika mawe. Kijana mmoja wa mtaa akilipwa posho ndogo kwa kazi hiyo ana thamani kuliko kibao cha marumaru.

Mchoro wa nje huchakaa, hasa upande unaopigwa na jua la mchana. Nyekundu ndiyo hutangulia kupauka. Nafikiri tungefanya amani na jambo hili. Mchoro unaweza kuwa wa miaka michache kwa makusudi, ukapisha mwingine, kijana mwingine akapata ukuta. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 kwa sababu ni ya shaba na iko mahali inapoonekana na kutunzwa. Kama huna shaba wala mtunzaji, panga kwa muda mfupi na uuseme kwenye maombi.

Mali ni ya nani

Narudi kwa bibi wa ukili.

Nyumba ya mawe iliyojengwa na babu wa babu ina warithi Mtwara, Dar es Salaam, Unguja, wengine Muscat. Kama mirathi haijafunguliwa na msimamizi hajateuliwa na mahakama, hakuna mtu wa kusaini. Ukarabati unakufa hapo, kwa sababu hakuna benki wala mfadhili atakayeweka fedha kwenye ukuta usio na mwenyewe, na akiweka, siku nyumba inapendeza ndipo warithi wanapotokea. Mali bila daftari huisha bila habari, na nyumba hizi nyingi ni mali bila daftari.

Kuimarisha kunavumilia zaidi. Warithi waliopo wakikubaliana kwa maandishi, na serikali ya mtaa ikishuhudia, unaweza kuomba kuzuia hatari bila kugusa umiliki, kwa kuwa ukuta unaoelemea barabara ni jambo la usalama wa kila mtu.

Sanaa inavumilia kuliko zote ikiwa kwenye ardhi ya umma, na haivumilii hata kidogo ikiwa kwenye ukuta wa mirathi. Nimeona mchoro mzuri ukipakwa chokaa usiku mmoja na mrithi aliyerudi kutoka safari, na kwa kweli alikuwa na haki yake. Hakuulizwa.

Kwa hali yako

Paa bado lipo, warithi wanaelewana, na yupo atakayeishi au kufanya biashara humo: karabati. Anza na paa, kisha mifereji ya maji, kisha plasta. Rangi ya ndani na samani zije mwisho. Njia hii inawafaa familia zenye kipato nje ya nyumba yenyewe, na taasisi zenye mkataba mrefu. Haimfai mtu anayetarajia nyumba imrudishie fedha msimu ujao.

Paa limekwenda lakini kuta zimesimama, na fedha mliyonayo ni ya msimu mmoja: imarisheni. Hata kama ndoto ni nyumba ya wageni, hatua hii haiizuii. Mjukuu atakayepata hela mwaka 2040 atakuta ukuta wa kuanzia. Njia hii inafaa pia pale jengo lina historia nzito kuliko matumizi, na pale kuna shule karibu na mwalimu wa kuwapeleka watoto.

Kamati ina fedha kidogo na vijana wengi wenye vipaji, na mnataka jambo lionekane mwaka huuhuu: sanaa, lakini tafuteni ukuta wa saruji. Mtwara mjini kuna kuta tele za tofali za saruji, kwenye masoko, stendi na uzio wa shule, zisizodhurika kwa rangi. Huko wachoraji wapewe uhuru wao wote. Mji wa zamani wapewe mbao za kuangika, benchi, na vibao vya kuelezea.

Hamjui mwenye nyumba: msichore, msikarabati. Wekeni uzio, egemezeni panapoinama, pigeni picha kila kitu, kisha tafuteni ukoo.

Mfadhili anataka uzinduzi wa haraka wenye picha: mwombeni agawe fedha, sehemu kwa kazi na sehemu iwekwe benki kwa matunzo ya miaka mitano. Akikataa sehemu ya pili, chukueni mradi wa sanaa unaoweza kuisha kwa heshima, msichukue paa.

Mna jengo na mna wachoraji, na makundi hayataki kuachiana: kuimarisha ukuta na kuweka sanaa kwenye uzio wa eneo la kazi vinaweza kwenda pamoja kwa kibali kimoja, ilimradi michoro yote miwili, ya fundi na ya msanii, iwe kwenye faili moja. Kamati huchoka kuona mradi mmoja umekatwa vipande ili upite kimyakimya.

Sisi kwenye nyumba ya kona tuko kwenye hatua ya katikati. Ukoo umefungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Mkuyu ulikatwa Julai. Shina tumelikata usawa wa ukuta na mizizi tumeiacha ife ndani taratibu, kwa sababu ukiivuta inatoka na mawe. Vijana wamechora mbao sita, zimeangikwa kwenye uzio wa mabati. Mlango umepigwa picha mbele na nyuma, na mnyororo wa baiskeli umeondolewa. Kufuli jipya lina funguo tatu: mmoja anao mjukuu mkubwa, mmoja mwenyekiti wa mtaa, na mmoja yule bibi, ambaye siku hizi anasukia ukili wake barazani kwa nyumba hiyo, akituangalia.